Matope ya Gazi: Kumbukumbu ya Mikoko Pamoja

Sisi wa Bongwe hatuna bahari mlangoni. Bahari yetu iko ng'ambo ya barabara kuu, baada ya Ukunda, nyuma ya mahoteli ya Diani. Lakini masika yakishuka kwa nguvu, takataka zetu hutangulia kufika huko kabla yetu: chupa za soda, kandambili zilizokatika kamba, nepi, mifuko ya saruji. Maji huzizoa uani, huzipitisha mitaroni, na mwisho wake ni pwani. Nimeanza na takataka za kwetu makusudi. Taasisi ninayotaka kuikumbuka hapa iko Gazi, mwendo wa matatu kuelekea Msambweni, na mtu wa Bongwe anaweza kudhani kwamba habari zake hazimhusu. Zinamhusu sana, kwa sababu tunachokitupa huku juu kuna mti huko chini unaokipokea.

Taasisi yenyewe inaitwa Mikoko Pamoja. Ilianza kazi rasmi mwaka 2013 katika vijiji viwili, Gazi na Makongeni, na inatambulika kuwa mradi wa kwanza duniani ambapo wanakijiji waliuza vyeti vya hewa ya ukaa kutokana na kuitunza mikoko yao. Hivyo ndivyo inavyotajwa magazetini, kwa sentensi moja. Historia yake ni ndefu kuliko sentensi hiyo, na ilianzia kwenye visiki.

Ghuba ya Gazi imekingwa upande wa bahari na rasi ya Chale. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, hushuka kutoka Shimba Hills ikileta maji matamu na udongo, na pale maji ya mto yanapokutana na ya chumvi mahali patulivu ndipo mikoko inapoota. Msitu wa ghuba hii ni hekta mia sita na ushei, si mkubwa ukiulinganisha na ule wa Lamu, wenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Lakini aina zote tisa zinazotajwa kwa kawaida katika pwani ya Kenya zimo humo, na kila moja ina mahali pake na jina lake. Mlilana husimama mbele kabisa, miguu baharini, ukipigwa na mawimbi. Nyuma yake ndiko aliko mkoko mwenyewe, ule wa mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Kisha muia, kisha mkandaa. Mchu huvumilia popote, hata kule juu chumvi inakokauka juu ya ardhi ikawa nyeupe. Mkomafi na msikundazi huwapati mpaka uwatafute. Mtu wa bara akiona msitu huu huona kijani kimoja tu. Mvuvi wa Gazi huona mtaa mzima wa majirani anaowafahamu kwa majina.

Na kwa karne nyingi majirani hao walikuwa ni mali. Boriti za mikoko zilijenga miji yote ya Waswahili, na majahazi yalizibeba pamoja na upepo wa kusi mpaka Oman na nchi za Ghuba kwenye upungufu wa miti ya kujengea. Upana wa vyumba katika nyumba za zamani za huko ulifuata urefu wa boriti iliyotoka pwani yetu. Biashara hiyo ilikuwa na lugha yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila jina na unene wake, na mkataji alikuwa akiutambua unene kwa kuukumbatia mti kwa mkono tu. Magome yalipikwa kutoa rangi ya kutilia ngozi. Gazi haikuwa kijiji cha pembeni katika habari hizo. Hapo ndipo alipokaa Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1895 hadi akalazimika kuvuka kwenda upande wa Wajerumani mwaka uliofuata.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko yote ya pwani kuwa msitu wa serikali. Tangu siku hiyo, mwanakijiji aliyezaliwa hatua chache kutoka kwenye mti alihitaji kibali kuukata, na mfanyabiashara wa mbali mwenye kibali aliweza kuukata bila kumwuliza yeyote. Naona tangazo hilo lilileta madhara ambayo visiki havionyeshi. Liliwafundisha watu kwamba msitu ni wa mwingine. Kitu cha mwingine hakilindwi, na ukipata nafasi unachukua kabla mwenzio hajachukua.

Msiba wenyewe ulikuja miaka ya sabini. Viwanda vya chokaa na matofali vilihitaji kuni nyingi, na mikoko huwaka vizuri, moto wake mkali, unadumu. Sehemu za ghuba ya Gazi zilikatwa zikabaki tupu. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, lakini kwa Gazi ilikuwa kama kufunga zizi na ng'ombe wameshatoka. Waliokuwa watoto wakati huo ni watu wazima leo. Jua lilipiga juu ya matope yasiyo na kivuli, mchanga ukaanza kuhama, na mahali palipokuwa na mkoko hapakurudi mkoko, kwa sababu hapakuwa na mti mama karibu wa kudondosha miche.

Hapo ndipo anapoingia James Kairo.

Kairo ni mtafiti wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, yenye kituo chake pale Gazi. Mwaka 1991 alianza kazi ambayo wengi waliiona haina maana: kupanda mikoko upya kwenye matope yaliyokatwa. Mti wa msituni ulikuwa unajiotea. Nani alikuwa amewahi kuupanda kama mhogo? Wanakijiji walikuwa na sababu ya kutilia shaka. Walikuwa wameshaona wataalamu wakija na madaftari, wakipima, wakiondoka, na daftari likaishia mjini.

Lakini kazi ya kupanda mkoko humlazimisha mtaalamu kuinama pamoja na mwenyeji. Mkoko hautoi mbegu ya kukaushwa ukaitia kwenye mfuko. Mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikaning'inia kama kidole kirefu cha kijani, na ikishakomaa hudondoka ikachoma matope kwa ncha yake. Ukitaka kuipanda, unaiokota au unaichuma iliyokomaa, unakwenda nayo maji yakiwa yamekupwa, na unaichomeka kwa mkono, hatua kwa hatua, matope mpaka magotini. Saa ya kazi haipangwi na afisi, bahari ndiyo inayopanga. Wakati wa bamvua unapata muda mrefu. Wakati wa maji mafu hupati. Na nani anayezijua saa hizo kuliko kina mama wanaookota chaza na wavuvi wanaotega madema? Elimu ya chuo kikuu ilimwambia Kairo ni aina gani ya mti inayoota kwenye chumvi kiasi gani. Siku na saa alizipata kwa wenyeji.

Makosa yalikuwepo, na inafaa kuyataja, maana siku hizi kila shirika linataka picha ya miche elfu kumi iliyopandwa asubuhi moja. Mkandaa ukipandwa mahali pa mlilana hufa. Mche ukiwekwa panapopigwa na wimbi hung'olewa kabla ya mwezi kuisha. Pwani nyingi duniani zimepandwa mikoko mbele ya kamera na mwaka uliofuata hapakuwa na kitu. Gazi ilichagua njia ndefu ya kupanda, kungoja, kuhesabu miche iliyokufa, kuuliza kwa nini, na kupanda tena. Shamba la mikoko lililopandwa hapo mwaka 1994 lilikuja kuwa mojawapo ya mashamba ya mikoko yaliyochunguzwa sana upande huu wa Bahari ya Hindi. Wanafunzi kutoka vyuo vya Kenya na vya Ulaya walikuja kulipima, mti kwa mti.

Kwa hiyo kati ya mche wa kwanza na taasisi tunayoikumbuka kuna miaka ishirini na miwili. Hiyo ndiyo sehemu ya historia hii ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo isiyo na sherehe wala tuzo. Kwa muda wote huo hapakuwa na hela za hewa ya ukaa. Palikuwa na watu waliokwenda matopeni na kurudi.

Mambo matatu yalikutana baadaye. Kwanza, Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu wananchi kuunda vyama vya misitu vya jamii na kuingia mkataba na Shirika la Misitu la Kenya. Mlango uliofungwa mwaka 1932 ukafunguliwa kidogo, na kupitia chama cha Gogoni-Gazi wanakijiji wakapata sauti ya kisheria juu ya msitu wa mlangoni kwao. Pili, utafiti wa miaka mingi ulikuwa umeonyesha kwamba mikoko huhifadhi hewa ya ukaa nyingi mno kwa kila hekta, mara kadhaa kuliko msitu wa nchi kavu. Tatu, Kairo alikuwa ameshirikiana kwa miaka na Profesa Mark Huxham wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, Scotland, na pamoja na wenzao wakajiuliza kama hesabu hiyo ya wanasayansi ingeweza kuwa kipato cha kijiji.

Siri ya mikoko iko chini, si juu. Jani linapodondoka kwenye msitu wa bara huoza upesi, na hewa yake ikarudi angani. Jani la mkoko huzama kwenye matope yasiyo na oksijeni, na huko kuoza huenda taratibu sana. Mizizi inayokufa hubaki humo humo. Mwaka baada ya mwaka, karne baada ya karne, tope linazidi kuwa zito kwa kaboni. Ukikata mikoko hupotezi mti peke yake. Unafungua ghala lililofungwa tangu enzi za mababu, na yaliyomo yanatoka. Kenya ilipoteza takriban asilimia 18 ya mikoko yake kati ya mwaka 1985 na 2010, na maghala mengi yalifunguliwa hivyo bila mtu kujua alichokifungua.

Mikoko Pamoja ilitengewa hekta 117 za msitu wa serikali uliomo ghubani, kwa makubaliano ya miaka ishirini. Jamii iliahidi kuzilinda zisikatwe, na kila mwaka kupanda miche mipya kwenye sehemu zilizoharibika. Kwa kufanya hivyo, msitu huepusha au hufyonza takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Plan Vivo, shirika linalothibitisha miradi ya namna hii, lilikagua hesabu hizo na kuzipitisha. Shirika dogo la hisani huko Scotland, ACES, likachukua kazi ya kutafuta wanunuzi. Anayenunua cheti ni mtu au kampuni ya mbali inayotaka kufidia uchafu inaoutia hewani. Fedha hurudi Gazi, mikononi mwa kamati iliyochaguliwa na vijiji viwili. Sehemu huenda kwenye ulinzi na upimaji, na inayobaki huwekwa kwenye mfuko wa kijiji.

Katika miaka ya mwanzo fedha hizo zilikuwa karibu dola 12,000 kwa mwaka. Kwa meneja wa hoteli ya Diani si kitu. Kwa vijiji vyenye watu zaidi ya 5,000 pia si utajiri, na hakuna aliyejenga ghorofa kwa hewa ya ukaa. Lakini matumizi yake yaliamuliwa barazani, hadharani, mbele ya watu waliojua bei ya bati na bei ya saruji. Wakachagua maji. Mabomba yakavutwa, vituo vya maji vikajengwa, na mama aliyekuwa akibeba ndoo kutoka mbali akaanza kuteka karibu na nyumbani. Shule za msingi za Gazi na Makongeni zikapata vitabu na ukarabati wa madarasa. Niseme ninavyoona: bomba lile ndilo lililoulinda msitu kuliko mlinzi yeyote mwenye fimbo. Mtoto anayeambiwa na mamaye kwamba maji haya yametoka kwenye mikoko hahitaji semina.

Waliokuwa wakiishi kwa kukata hawakusahauliwa, angalau kwa nia. Nyumba zinahitaji fito na jiko linahitaji kuni, hata kama msitu unalindwa. Mradi ulipanda mivinje nchi kavu, ule mti unaokua haraka na kunyooka, ili wajenzi wapate nguzo pengine. Hata hivyo nisidanganye kwamba kila mkataji aliridhika. Mtu aliyelisha watoto wake kwa shoka hageuki kuwa mtunza msitu kwa azimio la mkutano, na taasisi yoyote ya hifadhi inayosema haikuumiza mtu imesahau kuuliza watu fulani.

Kina mama, kwa upande wao, walikuwa wameshaanza lao kabla ya vyeti kufika. Walijenga daraja la mbao linalopita juu ya matope katikati ya mikoko, wakawa wanawatembeza wageni, wakiwaonyesha mti huu na ule, kisha wakiwapikia. Ada ndogo ya mgeni iliingia kwenye kikundi. Ukitembea juu ya daraja hilo maji yakiwa yanajaa, utasikia msitu ukilia chini yako, tiki, tiki, kama mafuta kwenye kikaango. Ni uhai uliomo matopeni.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye takataka, kwa sababu siwezi kuiandika historia hii kama habari ya miti tu.

Wanasayansi waliokuja Gazi kuwachunguza kaa walikuta kwamba kaa hukamata majani yaliyodondoka kabla ya maji kuyachukua, huyaburuta mpaka mashimoni, wakayala na kuyafukia. Tondo nao hupanda juu ya majani yaliyoanguka wakatafuna. Kwa hiyo karibu hakuna jani linalokuwa taka ndani ya msitu ule. Tunapotumia neno urejelezaji tunafikiri habari ya mashine na magunia ya chupa. Kaa wa Gazi wamekuwa kwenye kazi hiyo tangu zamani za zamani, na mashimo wanayoyachimba ndiyo yanayoruhusu hewa kufika kwenye mizizi.

Plastiki ndiyo ambayo kaa hawezi kuiburuta shimoni. Mizizi ya mkoko imeumbwa kukamata kila kinachopita, na hukamata mifuko na chupa kwa uaminifu ule ule inaokamata nao udongo. Mchu na mlilana hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kutoka matopeni, na mfuko wa nailoni ukivifunika, mti hukosa pumzi. Serikali ya Kenya ilijaribu zaidi ya mara moja kuzuia mifuko hii ikashindwa. Marufuku iliyoshika ni ile ya Agosti 28, 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, na kwa kweli dukani tumeizoea. Mwaka 2022 ikaja sheria ya usimamizi endelevu wa taka inayotaka takataka zitenganishwe pale pale zinapozalishwa, yaani jikoni mwako na mwangu. Hapo bado tuko nyuma. Kule kwetu nyingi hufukiwa au huchomwa nyuma ya nyumba, na moshi wa plastiki tunauvuta wenyewe.

Kairo aliujua upande huu wa mambo mapema. Alikuwa miongoni mwa watafiti walioichunguza mikoko ya Mikindani, kwenye Tudor Creek mjini Mombasa, ambako maji taka ya mji yamemwagwa msituni kwa miaka mingi. Mikoko ilisimama, na matope yake yalishika sehemu ya uchafu ule kabla haujafika baharini. Lakini kusimama si kupona. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika kutoka meli ya Ratna Shalini karibu na bandari ya Mombasa, yakapaka mizizi, na pale yalipokaa miti ilikufa. Mti unaosafisha una kiwango chake, na ukishakivuka hauna wa kuusafisha wenyewe.

Mikindani hiyo hiyo ina historia nyingine inayofaa kuwekwa kando ya ile ya Gazi. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Kwa jina, hiyo ni kazi ya urejelezaji. Phyllis Omido aliajiriwa hapo mwaka 2009, akaona watu wanavyougua, na mwanawe mwenyewe akapatikana na sumu ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akaunda shirika la kupigania haki ya mazingira, akakamatwa, akashtakiwa, akaachiliwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwezi Julai 2020. Rufaa ikaiondoa, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Nimeileta habari hii kwa sababu moja. Kule Owino Uhuru kazi iliyoitwa ya kuokoa taka ililetwa bila wenye mtaa kuulizwa, na ikawaua. Kule Gazi kazi ilianza na mtu kuinama matopeni pamoja na wenyeji, na uamuzi wa fedha ukaachwa barazani. Sijui kipimo kingine cha kuupima mradi wa mazingira kilicho bora kuliko hicho.

Sifa zilikuja. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa, kupitia UNDP, uliipa Mikoko Pamoja Tuzo ya Ikweta. Wageni wakaongezeka, na wengine walikuja kujifunza ili wakaanzishe kwao. Waliojifunza karibu zaidi ni ndugu zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, ambao miaka michache baadaye walianzisha mradi wao kwenye hekta 460, karibu mara nne ya zile za Gazi. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo. Jirani haigi kitu ambacho hakijafaa.

Lakini kuna swali ninalolibeba, na nadhani hata waanzilishi wanalibeba. Tani 3,000 kwa mwaka ni kidogo sana mbele ya moshi wa dunia. Anayenunua cheti Ulaya anaweza kuendelea kuchafua huku dhamiri imetulia, na mwanakijiji wa Makongeni, ambaye kiasi alichochafua hakionekani hata kwenye mizani, ndiye anayetumwa kulinda. Na bahari inayopanda kwa sababu ya joto linaloletwa na moshi huo itaanza na yeye. Bei ya tani moja haijawahi kufanana na thamani ya kazi ile. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 sasa inataka miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa gharama. Ni hatua. Gazi tangu mwanzo ilikuwa imekwenda mbele ya hapo, kwa kuwa mfuko wenyewe ulikuwa mikononi mwa kijiji, na ningependa watunga sheria wajao waanzie pale Gazi ilipofika.

Pwani yetu ya kusini haikuwa mgeni wa mawazo haya. Kaya Kinondo, msitu wa wazee wa Kidigo ulio kati ya Diani na Gazi, umelindwa kwa miiko tangu kabla ya serikali yoyote kuandika tangazo. Hukati, huchukui hata jani, unaingia kwa adabu. Mwaka 2008 UNESCO iliutia pamoja na kaya nyingine za Mijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mikoko haikuwa na mwiko kama huo, kwa sababu ilikuwa soko. Walichofanya watu wa Gazi na Makongeni, wakiwa na Kairo na wenzake, ni kuujengea msitu wa soko adabu ya kaya, wakitumia vyombo vya kisasa: katiba ya kikundi, akaunti ya benki, utepe wa kupimia mti.

Utepe huo nimeuona ukifanya kazi. Kwenye vipande vya msitu vilivyowekwa alama, vijana wa kijiji huzungusha utepe kwenye shina, mmoja akasoma, mwingine akaandika. Mti uliokufa huandikwa umekufa. Maji yakianza kupanda wanakunja daftari, wanatoka. Kila cheti kilichouzwa Scotland kimesimama juu ya namba zilizoandikwa hivyo, kwa kalamu ya wino, na mtu aliyelowa mpaka kiunoni.

Miaka ishirini ya makubaliano ya kwanza inaisha mwaka 2033. Mtoto aliyezaliwa Makongeni mwaka ule mradi ulipoanza atakuwa na umri wa miaka ishirini siku hiyo. Amekunywa maji ya mikoko maisha yake yote na kusoma kwenye darasa lililokarabatiwa kwa mikoko. Baraza litakapoitishwa kuamua kama msitu utaendelea kulindwa, na kwa masharti gani, na kwa bei gani, atakuwa na haki ya kusimama na kusema.